Chenga za Mzee Herufi

Mtaani kwao walimwita Mzee Herufi, na jina hilo lilimganda kiasi kwamba hata waliomletea barua walimtafuta kwa jina hilo. Kazi yake ilikuwa kuandika kwa rangi: majina ya maduka, vibao vya zahanati, milango ya malori, na lile tangazo lake maarufu la USIKOJOE HAPA, ambalo alijisifu kwamba limelinda kuta nyingi kuliko mbwa wote wa mji. Hakutumia rula. Alifumba jicho la kushoto, akanyoosha brashi mbele yake, akapima hewani, kisha akashuka na mstari mzima bila kurudia. Mteja akimuuliza mbona hapimi, alijigonga kidogo karibu na jicho na kusema, "Rula nilizaliwa nayo."

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na watu walimwita Mama Cherehani. Walikuwa na binti mmoja, mwalimu katika mji wa mbali, na ndiye aliyewaletea televisheni mwaka ule alioajiriwa. Iliwekwa sebuleni, ikatazamana na cherehani iliyokuwa dirishani, ili mama asikie habari huku miguu yake ikikanyaga. Mzee alikuwa na kiti chake katikati, na kila jioni, taarifa ya habari ikianza, nyumba nzima ilinyamaza isipokuwa ile cherehani.

Jioni moja chenga zikaingia. Punjepunje nyeupe zilijaa kwenye kioo kama mchele unaochemka, na mistari miwili mipana ikawa inapanda polepole kutoka chini hadi juu, ikimkata msomaji wa habari kiunoni, kifuani, shingoni.

"Unaziona hizi chenga?" aliuliza Mzee Herufi.

"Naziona," alisema Mama Cherehani. "Zimeanza friji liliponguruma."

Kesho yake wakamwita fundi. Huyu naye alikuwa na jina lake la mtaani, Fundi Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye mkoba wa ngozi uliopasuka mshono, na alizungumza na vyombo kama mtu anayebembeleza mtoto ameze dawa. Mafundi wengine wakifika hufungua kila kitu kwa mpigo. Yeye alikaa kwanza, akatazama.

"Toa kimoja, jaribu," alisema. "Kirudishe, toa kingine. Mwisho mkosaji anabaki peke yake."

Akachomoa friji, mistari ikapungua. Akaizima taa ya ukutani, hakuna kilichobadilika. Akashika antena, akaiachia. Hatimaye akaingiza mkono nyuma ya kabati akatoa zile waya za rangi tatu zinazotoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye televisheni. Zilikuwa zimefungwa pamoja na waya wa umeme wa friji kwa uzi wa kushonea, kazi ya Mama Cherehani mwenyewe, aliyechukia kuona waya zimezagaa. Na ule wa njano ulikuwa umetafunwa hadi shaba inaonekana.

"Panya naye alitaka habari," alisema fundi.

Wakacheka wote watatu. Akaweka waya mpya, akaupitisha mbali na ule wa friji, akawasha. Picha ikatulia kama maji ya mtungini. Mama Cherehani aliweza kuona hadi kitufe cha shati la msomaji wa habari.

Wiki moja ikapita. Jioni moja, mama akitia uzi kwenye sindano, akasikia sauti ya mumewe.

"Zimerudi. Unaziona?"

"Naziona," alijibu. Hakuwa ameinua hata kichwa. Lilikuwa jibu la mtu mwenye uzi mdomoni, jibu la nyumba yenye miaka thelathini na minane ya ndiyo na hapana ndogondogo. Kisha uzi ukapita, akainua macho kwenye televisheni, na picha ilikuwa safi. Hakuna punje, hakuna mstari. Akamtazama mumewe. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande mmoja, akifuata kwa macho kitu kilichokuwa kinashuka taratibu mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Angeweza kusema wakati huo huo, "Hapana, nimekosea, sizioni." Maneno matatu tu. Alikuja kuyahesabu baadaye mara nyingi. Lakini mzee alishajibu, "Basi huyu fundi katuwekea waya wa bandia," tena kwa sauti iliyotulia, karibu ya furaha, na mama akayameza yale maneno.

Kwa nini aliyameza? Si kwamba alikuwa mwongo. Ni kwamba alimkumbuka mumewe mwaka ule mashine za kuchapa mabango zilipoingia mjini. Wateja walimkimbia ndani ya miezi mitatu, naye akalala ameuelekea ukuta majuma mawili, halafu akaamka bila kusema lolote akaenda kuomba kazi ya kupaka rangi madarasa. Baadaye wachache walirudi, wale waliopenda mkono wa mtu, na kwa hao wachache mzee aliishi. Mtu huyo unamwambiaje macho yako yana kasoro? Mama akasema moyoni, ngoja kwanza nihakikishe. Akangoja.

Na kungoja kuna njia yake ya kukomaa. Kila jioni chache mzee aliuliza, "Unaziona?" na kila mara mama alisema anaziona. Alijifunza hata kuzieleza. Mzee akisema leo zinaelea kama nyuzi nyeusi, yeye anasema ndiyo, kama nyuzi zilizodondoka kwenye cherehani. Mzee akasema zimejaa upande wa kushoto. Naye akasema kushoto ndiko ziliko. Mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, na vidonge alivikumbuka siku anazojisikia vibaya na kuvisahau siku anazojisikia vizuri. Mama hakuunganisha mambo hayo mawili. Au aliyaunganisha akayatenganisha tena haraka.

Mambo mengine hayakuhitaji kuunganishwa. Mzee alimimina chai kando ya kikombe, akasema meza imelegea. Alimkanyaga paka. Halafu ikaja kazi ya kibao cha saluni ya jirani, neno moja tu, jina la mwenye saluni, na alipomaliza akakiegemeza ukutani kikauke. Alfajiri mama alitoka kufagia uwanja akakiona. Herufi za mwisho zilikuwa zinateremka, na mkia wa ile A ya mwisho ulikuwa umening'inia hewani kama mguu uliokosa ngazi. Mama alisimama na ufagio mkononi. Kisha akauweka chini, akafungua kopo la rangi, akachukua brashi ndogo ya mumewe, na kwa mkono ule ule uliozoea kufuata mstari wa chaki kwenye kitambaa akaurudisha mkia mahali pake. Zile zilizoteremka hakuziweza. Mwenye saluni alikuja akakichukua, akashukuru, na mzee akasema kwa majivuno, "Umeona? Bila rula."

Fundi Taratibu aliitwa mara ya pili. Alikuja na mkoba wake, akakaa, akatazama muda mrefu. Mzee alimwonyesha kwa kidole: hizo hapo, hizo zinashuka, hizo. Fundi akachomoa friji, akachomoa kila kitu. Kisha akaomba maji ya kunywa, akamfuata mama jikoni.

"Mama, wewe unaona nini?"

"Naona chenga."

"Mimi sioni chochote. Hii picha ningeweza kuiweka kwenye duka langu."

Mama alimkabidhi glasi. "Fundi, mwanangu, badilisha chochote. Badilisha hata king'amuzi. Mwache aone kuna kitu kimebadilishwa."

Fundi alikunywa maji yote kabla ya kujibu. "Chenga za televisheni naziweza," alisema. "Hizi mnazopigana ninyi wawili humu ndani, mama, hizo sizo za kwangu." Hata hivyo alibadilisha king'amuzi, kwa sababu mama alimwomba, na siku zote alipoisimulia habari hii alisema hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanya ambayo anaionea aibu.

Ikapita miezi mingine. Yote kwa pamoja, tangu ule waya mpya, ilikuwa minane. Mara ya tatu fundi hakuitwa na mtu. Alikuja mwenyewe saa za mchana, amefunga televisheni ndogo nyuma ya baiskeli yake kwa mpira, ameifunika kwa gunia. Akaiingiza ndani, akaiweka juu ya kiti mbele ya Mzee Herufi.

"Hii ni ya nyumbani kwangu, mzee. Haijawahi kuumwa hata siku moja. Leo tunatoa televisheni yenu yote, tunaweka yangu. Chenga zikipotea, mkosaji ni yenu. Zikibaki, basi."

"Zikibaki, basi nini?"

"Tuone kwanza."

Mama Cherehani aliacha kukanyaga. Fundi akaunganisha king'amuzi, akaunganisha umeme, akawasha. Kulikuwa na kipindi cha kilimo. Shamba la mahindi, anga ya buluu, mkulima mwenye kofia. Picha ilikuwa safi mno hata mama akauona upepo kwenye majani.

Mzee Herufi akainama mbele. Akakaa hivyo kitambo.

"Hii ni afadhali," alisema. "Hii…" Akasogeza kichwa huku na huku, kama mtu anayejaribu kuchungulia nyuma ya pazia. "Hapana. Hata hii zipo. Hizo, zinapita kwenye anga."

Fundi alichuchumaa mbele yake, akaweka mkono juu ya goti lake. "Mzee wangu, nifanyie jambo moja. Fumba jicho la kulia."

"La kulia?" Mzee alicheka kidogo. Maisha yake yote kazini alifumba la kushoto. La kulia ndilo lililolenga, ndilo lililofanya kazi. La kushoto halikuwahi kuachwa lifanye kazi peke yake. Akanyanyua kiganja, akalifunika jicho la kulia.

Wakulima wawili walikuwa wanazungumza kuhusu mbolea. Sauti ilisikika vizuri kabisa.

"Mbona umeizima?" aliuliza Mzee Herufi.

Fundi aligeuka akaitazama televisheni.

"Nakuuliza, mbona umezima picha? Sauti naisikia."

"Sijaizima, mzee."

Mzee alikaa na kiganja usoni. Akakiondoa, akatazama; akakirudisha, akatazama. Alifanya hivyo mara tatu au nne, polepole, kama alivyozoea kupima mstari hewani. Kisha akageuka, si kwa fundi, bali dirishani kwenye cherehani.

"Mke wangu," alisema. "Si wewe ulikuwa unaziona?"

Mama Cherehani alikuwa ameshika sare ya mtoto wa darasa la kwanza, mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado. Alifungua mdomo. Machozi yalitangulia maneno, na kwa mzee hilo lilikuwa jibu tosha. Fundi alizima televisheni yake, safari hii kweli, akaifunika gunia. Aliondoka bila kuaga, maana hakujua aage vipi.

Siku ya pili yake walikwenda hospitali. Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimtia mzee matone, akamwambia asubiri nje mboni zipanuke, akamwita tena, akamulika jicho moja, akamulika la pili, akarudi kwenye la kwanza kana kwamba amesahau kitu huko. Kisha akavuta kiti.

"Sukari imekula mishipa midogo iliyo ndani ya jicho," alisema. "Ikavuja damu. Hizo nyuzi ulizokuwa unaziona, mzee, ndizo damu hiyo. Likaja kovu, kovu likavuta ngozi ya nyuma ya jicho ikabanduka. La kushoto limekwenda. La kulia limeanza njia hiyo hiyo. Tutalichoma kwa miale, tuzuie tunachoweza. Lakini kusoma, kuandika…" Alitikisa kichwa. "Zilianza lini?"

"Miezi minane," alisema mzee.

"Ah." Daktari aliangalia karatasi yake. "Mngekuja wakati ule tungezungumza mengine."

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayesema mvua ilinyesha jana. Lakini Mama Cherehani alihisi amechomwa kwa mkuki kutoka mbele hadi mgongoni.

Walikaa kwenye benchi la korido wakisubiri karatasi. Mbele yao palikuwa na kibao kilichochapwa kwa mashine: NYAMAZA, WAGONJWA WAMELALA. Mzee Herufi alikielekea kibao kile, lakini haikuwa wazi kama anakisoma.

"Jioni ile ya kwanza baada ya ule waya," alisema, "ulikuwa na uzi mdomoni. Nilisikia kwenye sauti yako."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nimeshaziona ukutani. Nimeziona mawinguni nikiwa juu ya ngazi. Nikajiambia, leo namuuliza mke wangu. Akisema hazipo, kesho naenda hospitali. Nilikuwa nimeamua. Hata viatu nilikuwa nimevipiga rangi. Ukasema zipo. Nilifurahi, mke wangu. Nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa hakuna sindano."

"Nilidhani nakuhurumia."

"Najua."

"Nilidhani kesho, nilidhani kesho kutwa. Kila nikitaka kusema…"

"Najua," alisema tena, kwa upole, na upole huo ndio uliomkata maini mama. Angemtukana ingekuwa nafuu. Angenyanyuka akaenda zake, mama angemfuata mbio, na wangekuwa na kitu cha kufanya.

Binti yao alikuja mwishoni mwa juma, baada ya ile miale. Alimkumbatia baba yake muda mrefu, akamfuata mama yake jikoni, akafunga mlango.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Sikujua ni nini."

"Lakini ulijua hakukuwa na chenga."

Mama alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya. "Nilijua," alisema.

Binti hakupaza sauti. Alilia akiwa ameegemea friji, kisha akanawa uso, akaenda kukaa na baba yake. Siku ya kuondoka alimbusu mama yake kwenye paji la uso kama kawaida. Lakini tangu hapo akipiga simu alisema, "Shikamoo mama. Baba yupo? Nipe baba." Na mama alimpa.

Jicho la kulia lilishikilia kwa muda, kisha likaanza kufifia kwa kasi yake lenyewe. Mzee aliziuza ngazi zake, brashi akampa mwalimu wa sanaa wa shule iliyo karibu. Fundi Taratibu alikuja mara mbili tatu kumjulia hali, akaileta redio aliyoitengeneza mwenyewe, na wakazungumza habari za mpira. Majirani walisema wale wawili wamebarikiwa, tazama, hata baada ya mtihani ule hawajagombana. Na ni kweli hawakugombana. Mzee alikula chakula cha mkewe akashukuru. Alimwambia usiku mwema. Aliposikia anakohoa alimwambia avae sweta. Walilala kitanda kimoja kama walivyolala miaka yote.

Ila hakumuuliza tena kitu chochote cha kuonekana kwa macho. Mwanzoni mama hakugundua. Kisha akaanza kusikia. Mzee alimuuliza muuza mkaa kama anga imefunga. Alimngoja binti yake apige simu ili amwambie shati alilomtumia lilikuwa la rangi gani. Siku jirani alipojenga ukuta, alimuuliza mpita njia umefika wapi, ilhali mama alikuwa ameketi hatua mbili kutoka pale, na ukuta uko mbele ya uso wake. Hakufanya hivyo kwa kisirani. Mama alimjua, kisirani hakuwa nacho. Ilikuwa kama mtu aliyeumia mguu anavyouweka chini bila kufikiri ule ulio mzima.

Asubuhi moja, jua lilipokuwa limeshaingia sebuleni, Mzee Herufi alitoka chumbani ameshika vichupa viwili vya dawa ya macho, kimoja cha asubuhi na kimoja cha jioni. Vilikuwa na ukubwa mmoja na umbo moja. Vilitofautiana vifuniko tu, kimoja cha kijani na kimoja cheupe. Mama alikuwa kwenye cherehani. Alipomwona aliacha kukanyaga. Akakohoa kidogo, ili ajue yuko pale, ajue yuko karibu, na kwamba anaweza kumwambia dawa ya asubuhi ni ile ya mkono wa kulia.

Mzee alisimama katikati ya sebule. Aligeuza uso upande wa dirisha, mahali ambapo kukanyaga kulikatika, na kwa kitambo mama alidhani atamuuliza. Mama alishika kitambaa kwa mikono miwili. Alikuwa tayari kumwambia. Angemwambia kweli, angemwambia kila kitu kuanzia siku ile hadi atakapozikwa.

"Umeamkaje?" alisema mzee.

"Salama, mume wangu. Na wewe?"

"Salama."

Akapapasa ukingo wa mlango, akashuka kizingiti kwa uangalifu, akatoka hadi getini na vichupa vyake mkononi. Akasimama pale juani, akitega sikio upande wa barabara, akisubiri mtu apite.